Jumatatu Nzito, Jumatano Nyepesi

Mwezi uliopita nilijiandikisha kwenye jimu moja hapa Germantown, Marekani, kwa sababu daktari aliniambia mgongo wangu umeanza kuzeeka kabla yangu mwenyewe. Kijana aliyepewa kazi ya kunielekeza alikuwa na meno mazuri na karatasi yenye ratiba. Akanieleza kwamba siku hizi mwili haugawanywi tena vipande vipande. Unaufanyisha kazi wote kwa pamoja, siku tatu kwa wiki: siku moja nzito, siku moja nyepesi, siku moja ya wastani, na kila siku unaondoka ukiwa bado na nguvu ya kurudia. Aliyasema hayo kama mtu aliyeyagundua asubuhi ile akipiga mswaki. Nilimwomba radhi nikaenda msalani, nikashika kingo za sinki kwa mikono miwili. Mdomoni ilinijia ladha ya maini yaliyochemshwa bila chumvi, na puani dawa ya kuchua iliyochanganyika na mkojo wa mtu mzima. Kwangu mimi ratiba ile haijawahi kutengana na vitu hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi mji wa Annandale, mama na mimi, kwenye fleti ya chumba kimoja iliyokuwa nyuma ya maduka ya Wakorea. Baba alikuwa bado Eldoret akingoja viza, na sauti yake ilitufikia Jumapili kwa kadi ya simu ya kukwangua. Mama alikuwa mhudumu wa wazee majumbani, na shule ilipotoka hapakuwa na mtu wa kukaa nami, kwa hiyo basi la shule liliponishusha nilitembea mpaka nyumba ya mzee aliyekuwa akimhudumia. Jina lake lilikuwa Vernon. Mama hakuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, akamwita Mzee Vernon, akamweleza kwamba kwetu neno hilo ni heshima wala si tusi. Alilipenda mno. Hata kwa mtu wa posta alijitambulisha kuwa yeye ni Mzee.

Mimi sikumpenda. Nasema wazi kwa sababu wenzangu tuliokuzwa na mama wa kazi ile tukikutana huwa tunapaka sukari: eti yule mzee wangu alikuwa kama babu, eti alinifundisha kusoma. Mzee Vernon alikuwa ananuka. Nyumba yake ilikuwa na harufu iliyokaa chini, karibu na zulia, kimo cha mtoto, kwa hiyo nadhani mimi niliipata zaidi kuliko watu wazima. Kulikuwa na mkojo ulioingia kwenye kiti chake cha sebuleni na kukataa kutoka. Kulikuwa na kopo alilotemea tumbaku ya kutafuna, mate ya rangi ya kahawia yakining'inia ukingoni kama utando wa buibui. Meno yake ya bandia yalikaa kwenye glasi juu ya meza ileile niliyofanyia hesabu zangu. Na kila alasiri, kwenye jiko lake, sufuria ya maini ilikuwa ikichemka taratibu, povu la kijivu likipanda na kushuka, kwa sababu alikuwa amekula maini tangu ujana wake na hakuona sababu ya kuacha.

Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa kipande cha ngozi ya chui kiunoni na viatu vya kamba, mwili wote unang'aa mafuta, mkono mmoja umeinua juu ya kichwa chuma chenye vichwa viwili vya duara kama matikiti. Kwa wiki kadhaa nilidhani ni mungu wake. Kanisani tulikuwa tumefundishwa habari za watu wanaoabudu sanamu, nikawa napita pale nikiwa nimeinamisha macho. Mama ndiye aliyeniambia ni yeye mwenyewe, Mzee Vernon, wakati alipokuwa akizunguka miji kuonyesha watu nguvu zake. Hilo lilinichukiza zaidi. Nilitazama mguu wa kwenye picha, kisha nikatazama ule uliokuwa kwenye kiti, mwembamba, wenye mishipa ya zambarau na magamba yaliyopukutika kwenye soksi, na nikahisi nimeonyeshwa kitu ambacho mtoto hapaswi kuonyeshwa.

Mambo ya vyuma yalianza na mgongo wa mama. Alikuwa akimnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi chooni, mara nyingi kwa siku, na jioni tukirudi nyumbani alijilaza sakafuni akilia kwa sauti ndogo. Kampuni iliyomwajiri ilitaka mhudumu mzima. Ukiumia ulikuwa unapewa pole na nafasi yako anapewa mwingine. Mzee aliona jinsi alivyokuwa akishika kiuno. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe nguvu zimemwishia ila ujuzi haujaisha, na kwamba mama anambeba vibaya, kama mtu anayeiba gunia. Mama alicheka. Jumatatu iliyofuata aliporipoti kazini mzee alimwamuru amsukume kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka garajini, na huko, chini ya turubai, vilikuwapo vile vyuma vya kwenye picha.

Basi ikawa ndiyo ratiba yetu. Jumatatu ilikuwa nzito, Jumatano nyepesi, Ijumaa wastani. Kila siku kati ya hizo mama alifanya mambo yaleyale machache: kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kuchuchumaa nacho mabegani, kukisukuma juu ya kichwa, kukivuta kifuani, na mwisho kutembea garaji zima akiwa amebeba chuma chenye mpini kila mkono. Siku nzito alibeba kikubwa mara chache. Siku nyepesi alibeba nusu yake, polepole, mzee akimgusa uti wa mgongo kwa ncha ya mkongojo kila ulipopinda. Jumanne na Alhamisi alipaswa kutembea tu na kulala mapema. Mzee hakumruhusu hata mara moja kufika mwisho wa nguvu zake. Alisema chuma kiachwe wakati bado unakitaka. Watu wa siku hizi aliwadharau, wale wanaofanyisha mkono leo na mguu kesho. Alisema wanaufanya mwili kama ng'ombe wa buchani, Jumatatu paja, Jumanne kidari, halafu wanashangaa kwa nini ng'ombe hatembei.

Nakumbuka maneno yake yote kwa sababu nilikuwa pale, kwenye kigoda kilichoganda mafuta ya gari, nikijifanya nasoma. Nilikuwa naona jasho la mama likidondoka sakafuni na kuacha madoa meusi. Nilikuwa nasikia sauti alizotoa, za chini, za tumboni, sauti ambazo sikujua kwamba mama anazo. Alipomaliza, mzee alivunja mayai mawili mabichi kwenye glasi ya maziwa, na mama yangu, ambaye nyumbani hakula yai hata likiwa na majimaji kidogo, aliyanywa yote, ute ukimning'inia mdomoni mpaka alipoufuta kwa kiganja. Kisha wote wawili walicheka. Nilitamani kumwambia baba. Jumapili nilipopewa simu nilimwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwamba mama anageuka. Aliniuliza anageuka nini. Sikuwa na neno, nikamrudishia mama simu.

Neno nilikuja kulipata kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Tanga aliyeishi juu yetu na aliyeazimana na mama viungo. Siku moja alimwona mama akipandisha gunia la mchele ngazi zote bila kupumzika, akamtania: "Mama Chebet, wewe sasa unageuka dume. Mumeo akija atakuta mume mwenzie." Alikuwa akitania tu. Mimi nililichukua kama lilivyo. Tena nilishajua ugonjwa huo unapita wapi, kwa sababu nilikuwa nimeziona sugu.

Mzee Vernon alikuwa na sugu viganjani, za manjano, ngumu, zimejipanga chini ya vidole kama punje za mahindi. Miaka mingi hakuwa ameshika chuma lakini hazikuondoka. Mara moja kwa wiki alizilainisha kwa maji ya moto, akazikwangua kwa wembe, na vile vipande, vyeupe na vikavu kama maganda ya kitunguu saumu, alivikusanya kwenye kisahani. Kisahani hicho kilikaa mezani mpaka mtu akumbuke kukimwaga. Siku moja nilikigusa kwa kiwiko, vipande vikaniangukia kwenye daftari, na nililichana ukurasa ule nikautupa ingawa ulikuwa na kazi ya siku mbili. Kisha, majira ya majani kupukutika, niliingia bafuni kwetu, nyumbani, nikaona vipande vilevile kwenye sinki, na wembe pembeni. Mama alikuwa nazo. Zilitoka kwenye mkono wa mzee, zikapita kwenye chuma, zikaingia kwa mama. Kwa akili yangu ya miaka tisa hapakuwa na maelezo mengine. Nguvu zilikuwa maradhi ya ngozi, na mwisho wa maradhi hayo ni kiti chenye harufu ya mkojo.

Kuanzia hapo sikumshika mama mkono. Tulipovuka barabara kubwa nilishika ukingo wa koti lake. Aliponisuka nilikaza shingo, viganja vile vikikwaruza masikio yangu. 

Ijumaa moja dawa ya presha ya mzee ilikuwa imeisha. Mama alimweka chooni, akamwacha na fremu yake ya kutembelea mbele yake, akaniambia anakimbia duka la dawa pale chini ya mlima na kwamba mzee akimaliza asinyanyuke, asubiri. Haikuwa ruhusa kwake kutoka, lakini alitoka. Mimi nilikuwa sebuleni na katuni.

Nilisikia fremu ikianguka kwanza, halafu yeye. Ulikuwa mshindo laini, kama mtu ameangusha mfuko wa nguo. Halafu akaita, "Mtoto." Hakuwa akiniita jina, alisema jina langu linamshinda ulimi. Nilikwenda mpaka mlangoni. Alikuwa amelala kati ya beseni la kuogea na choo, ubavu mmoja, suruali magotini, na kinyesi kilikuwa kimemtapakaa mapajani na kwenye vigae na kwenye mkono aliokuwa ameuegemea. Mkono mwingine, ule msafi, aliunyoosha kuelekea kwangu. Niliziona sugu zote.

"Nipe taulo tu," alisema. "Unifunike. Usiniinue, wewe nipe taulo."

Taulo lilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikuhitaji kuingia. Sikuhitaji kumgusa wala kukanyaga kitu. Ningelifikia nikiwa nimesimama pale pale, nikalitupa, likamwangukia. Nimeupima umbali huo kichwani mara nyingi kuliko kitu chochote maishani mwangu. Kichefuchefu kilikuwa kinanipanda, na nilimwangalia usoni, naye alikuwa ananiangalia, bila meno, mashavu yameingia ndani, na alijua. Aliona kabisa ninachohisi. Akauteremsha mkono mwenyewe, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

Nilivuta mlango nikaufunga. Nilirudi sebuleni nikaongeza sauti ya televisheni.

Sijui ilichukua muda gani. Katuni moja iliisha na nyingine ikaanza na kuisha. Mama aliporudi alitazama sebule, akanitazama mimi, akaenda moja kwa moja msalani, na nilimfuata kwa sababu nilikuwa naogopa kubaki peke yangu. Hakupiga kelele. Alivua koti, akachuchumaa mbele ya mzee katikati ya uchafu ule, miguu imetanuka, uti umenyooka, akampitishia mikono chini ya makwapa na kumkumbatia kifua kwa kifua, shavu kwa shavu. Akavuta pumzi. Kisha akasimama naye, mara moja, kama alivyokuwa akisimama na kile chuma siku za Jumatatu. Mzee alikuwa mtu mrefu; hata akiwa amekonda vile alikuwa na mifupa mizito. Kinyesi kilimpaka mama kwenye sare, kwenye mikono, hata shingoni. Nilitapika pale pale kwenye zulia la ukumbini, na mpaka leo siwezi kusema ni kwa sababu ya harufu ama ya yule mwanamume aliyetundikwa mikononi mwa mama yangu, miguu inaning'inia kama ya mtoto.

"Chebet, ulikuwa wapi?" mama aliuliza. Aliuliza bila kugeuka, akiwa bado amemshikilia.

Mzee akajibu kabla yangu. "Anatazama katuni. Sikumwita." Halafu, sauti yake ikitetemeka kwa baridi, akamwambia leo asifanye mazoezi. Ijumaa ni wastani, akasema, lakini hii tuihesabu nzito.

Mama alimwogesha, akajiogesha, akafua, akasugua vigae, akasugua na matapishi yangu. Tulipotoka jua lilikuwa bado lipo. Kwenye barabara kubwa alininyooshea mkono kama alivyokuwa akininyooshea kila siku, bila matumaini, na siku ile niliushika. Ulikuwa mkavu, wa kukwaruza, na ulinuka sabuni ya dawa. Kinyaa kilikuwa palepale kooni. Ila sasa kilikuwa kimegeuka kikanitazama mimi.

Watu hupenda nikifika hapa niwaambie kwamba kuanzia siku hiyo nilibadilika nikamsomea mzee magazeti. Sikumsomea. Niliendelea kukaa kwenye kigoda changu cha mafuta nikimkwepa macho. Yeye aliendelea vilevile, Jumatatu nzito, Jumatano nyepesi, mkongojo kwenye uti wa mama, mate kwenye kopo. Hakunitendea wema wala ubaya uliozidi ule wa kwanza, na hilo lilinichukiza kuliko kama angenisema. Baridi ilipokolea binti yake alikuja kutoka mbali akampeleka kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, na nyumba ya Annandale ikauzwa. Vyuma akamwachia mama. Baba alipofika mwaka uliofuata, mama alimnyanyulia masanduku yote mawili pale uwanja wa ndege kabla hajamkumbatia, na baba akacheka mpaka machozi, wala hakuonekana kuwa amekuta mume mwenzie. Habari za kifo cha mzee zilitufikia kwa barua, zikiwa zimepitwa na wakati.

Nilimwambia mama ukweli mwaka huu tu, baada ya ile siku ya jimu. Nilimkuta jikoni kwake akichambua mboga. Nilieleza yote: mkono, taulo, mlango, televisheni. Nilieleza kwa Kiswahili, ili nisijifiche. Hakusimamisha kisu.

"Najua," alisema. "Mlango nilikuta umefungwa. Mtu aliyelala chini vile angeufungaje?"

Nikamuuliza kwa nini hakunichapa. Akasema alitaka sana, alikuwa tayari ameshachagua mwiko, lakini mzee alimkataza wakati anamwogesha. Nikauliza alimkataza kwa sababu gani, maana mimi ningekuwa yeye ningetaka nichapwe.

 Mama akasema mzee hakumpa sababu. Ila yeye mwenyewe, siku yake ya kwanza kazini, kabla mimi sijawahi kufika nyumba ile, alimbadilisha mzee nepi na kichefuchefu kikamshinda, akatapika kwenye sinki, mbele yake, mtu mzima anamwona. Alidhani kampuni itapigiwa simu naye afukuzwe saa ileile. Akaosha sinki, akanawa uso, akarudi kusimama mbele yake kungoja.

"Aliniuliza kama kuna mtu ananisubiri nyumbani," mama alisema. "Nikamwambia, binti yangu, yuko peke yake mpaka nirudi. Akasema, basi kesho njoo naye."